Katiba mbili, darasa moja: kuwafundisha watoto wa shule ya msingi Katiba ya Muungano na Katiba ya Zanzibar

Muulize mtoto wa darasa la tano katiba ni nini, atakujibu palepale: "Katiba ni sheria mama." Muulize inamzuia nani kufanya nini, atakutazama tu. Jibu la kwanza linampa alama, la pili ndilo somo lenyewe. Tanzania kuna ugumu wa ziada ambao vitabu vingi huuruka: katiba ni mbili. Ipo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ipo Katiba ya Zanzibar ya 1984, na mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, anaishi chini ya zote mbili kwa wakati mmoja.

Mpango ulio hapa ni wa vipindi sita vya dakika 40 kwa darasa la watoto wapatao 50, kuanzia darasa la tatu hadi la mwisho la msingi. Jina la somo kwenye ratiba halina uzito, liwe uraia, maadili au historia. Vifaa ni ubao, chaki za rangi tatu, manila sita, kalamu nene na kamba ya mita kumi hivi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wafundishe bendera, viongozi na kanuni za darasa tu. Maandishi ya katiba yangoje.

Kabla ya kuingia darasani

Pata nakala za Kiswahili za katiba zote mbili. Usianze na ya Kiingereza kisha ukajitafsiria mwenyewe, kwa sababu maneno yako hayatafanana na yale atakayoyakuta mtoto baadaye. Kisha kagua toleo. Katika nakala ya Zanzibar, angalia sehemu ya viongozi wa Serikali ya Mapinduzi: ukikuta Waziri Kiongozi badala ya Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais, nakala hiyo ni ya kabla ya marekebisho ya kumi ya 2010, na utawafundisha watoto cheo ambacho hakipo tena. Katika ya Muungano, tafuta Ibara ya 107A kwenye mambo ya Mahakama. Isipokuwepo, nakala ni ya kabla ya 2000.

Katiba ya Muungano inafika Ibara ya 152, lakini darasani unahitaji chache: Ibara ya 1, ya 12, ya 26, ya 34 na ya 98. Kwa Zanzibar chukua ya 1, ya 2 na ya 80. Ziandike kwenye manila kwa herufi zenye urefu wa sentimita nne, ili aliyekaa nyuma kabisa asome bila kusimama. Ibara ndefu usiinakili nzima. Chukua kifungu kimoja kinachobeba jambo, na uandike namba yake waziwazi: 12(1), 26(1), 34(1). Namba hizo humzoesha mtoto kudai chanzo, na kumuuliza mtu yeyote anayesema "katiba inasema" ni ibara ya ngapi.

Kipindi cha kwanza na cha pili: katiba ya darasa

Walimu wengi huanza hapa, na wengi huharibu hapahapa. Unaliambia darasa litunge katiba yake, baada ya robo saa unapokea orodha: usipige kelele, usile darasani, usichelewe. Hiyo ni orodha ya makatazo kwa wanafunzi. Katiba kazi yake kubwa ni kusema nani ana madaraka, aliyapataje, yanaishia wapi na yanaondolewaje. Ukikubali orodha ya makatazo, watoto watatoka wakiamini katiba ni sheria kali zaidi kuliko nyingine.

Wagawe watoto makundi saba na upe kila kundi swali moja tu:

1. Darasa hili ni la nani, na nani anahesabiwa kuwa mwanachama wake?
2. Kiongozi anapatikanaje?
3. Anaongoza kwa muda gani, na anaweza kurudia mara ngapi?
4. Anaruhusiwa kufanya nini, na haruhusiwi kufanya nini?
5. Kila mwanafunzi ana haki gani na wajibu gani?
6. Wakigombana, nani anaamua?
7. Katiba hii inabadilishwaje?

Dakika 15 za kundi, kisha kila msemaji anasoma sentensi mbili au tatu, darasa linajadili na kupiga kura kwa mikono. Kipindi cha kwanza hakitamaliza maswali yote, na ndiyo maana vimetengwa viwili. Usikubali kundi liandike zaidi ya sentensi tatu, la sivyo utapata katiba ambayo hakuna mtoto anayeikumbuka.

Swali la nne ndilo la kukaa nalo. Kila darasa lina monita anayeandika majina ya wapiga kelele, na kila mtoto anajua kisa cha jina lililoandikwa kwa chuki au lililofutwa kwa sababu ya kipande cha muwa. Uliza: monita anaweza kupeleka jina kwa mwalimu kabla mwenye jina hajajitetea? Wakishabishana, waonyeshe kwamba wakubwa nao walilijibu swali hilo: Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Muungano inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Hapo mtoto anaona katiba ikiwa na kazi.

Jambo moja la kujipanga mapema. Watoto watataka kukuwekea mipaka wewe mwalimu pia. Wakubalie lile unaloweza kulitimiza, kwa mfano kwamba hutamwadhibu mtu kabla ya kumsikiliza. Lile lililo nje ya uwezo wako, kama muda wa mapumziko au ada ya chakula, waeleze kwamba linaamuliwa na shule, na darasa haliwezi kutunga kinyume chake. Hilo si pigo kwa somo, maana linawaandalia kuelewa kwamba kuna ngazi za mamlaka. Kitakachoua somo ni wewe kukubali ibara siku ya kwanza na kuivunja siku ya tano. Watoto hawatasema kitu, ila watakuwa wameshajifunza kuwa katiba ni karatasi ya ukutani.

Yale makatazo yao usiyatupe. Yaandike kwenye karatasi ya pembeni yenye kichwa "Sheria za darasa", kisha ingiza kwa makusudi moja yenye kasoro: "Wasichana ndio watakaofagia." Waulize kama inaendana na katiba waliyoitunga. Wakisema kila mwanafunzi ni sawa, basi sheria hiyo inaanguka. Ndivyo inavyofanya kazi Ibara ya 64(5) ya Muungano: sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachokiuka. Mtoto aliyeifuta sheria ya kufagia kwa mkono wake hahitaji tena kukariri maneno "sheria mama".

Kipindi cha tatu: kusoma ibara yenyewe

Anza na fupi kuliko zote, 12(1): "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Soma wewe, wasome wao, kisha uliza maswali yenye jibu ndani ya sentensi. Wote ni kina nani? Inasema raia, au binadamu? Mgeni kutoka Burundi aliyehamia mtaani kwenu yumo? Watoto wa miaka tisa huliona neno "binadamu" haraka kuliko wanavyodhaniwa.

Halafu chukua 26(1), inayosema kila mtu ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi. Kwa ibara za namna hii tumia chaki za rangi: nyekundu chini ya anayetajwa, buluu chini ya anachopaswa kufanya au anachopewa, kijani chini ya sharti lolote, kama "kwa mujibu wa sheria" au "isipokuwa". Rangi ya kijani ndiyo yenye faida kubwa. Bila hiyo mtoto hudhani kila haki haina mpaka, kisha anaporudi nyumbani na kuambiwa vingine anaamua kuwa mwalimu alidanganya.

Pima idadi ya haki na ya wajibu unaofundisha. Kuna walimu wanaopenda wajibu peke yake kwa kuwa unatuliza darasa. Katiba yenyewe ina ibara nyingi zaidi za haki, kuanzia ya 12 hadi ya 24, ndipo zinafuata za wajibu, ya 25 hadi ya 28. Darasa lako lisigeuze mizani hiyo.

Na kuna kosa moja la ukweli linalosambaa sana: kuwaambia watoto kwamba elimu ni haki ya kikatiba wanayoweza kuidai mahakamani. Elimu imo katika Ibara ya 11, na ibara hiyo iko kwenye sehemu ya malengo na mwelekeo wa serikali, ambayo Ibara ya 7(2) inasema mahakama hazina uwezo wa kuitolea uamuzi. Mtoto anayezuiwa kwenda shule analindwa na sheria za kawaida, ikiwemo Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Bara na ile ya 2011 kwa Zanzibar. Huna haja ya kumweleza mtoto wa miaka kumi tofauti hiyo yote, ila usimwambie lisilo kweli.

Kipindi cha nne: mihimili mitatu

Hapa nenda upesi. Chora jedwali la safu mbili ubaoni. Upande wa Muungano: Serikali ya Jamhuri ya Muungano, Bunge, Mahakama. Upande wa Zanzibar: Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu ya Zanzibar. Chukua tukio moja lipite mikononi mwa mihimili yote mitatu: sheria ya kukataza kutupa taka ufukweni inatungwa na nani, nani anaitekeleza, na aliyekamatwa anahukumiwa na nani. Tukio moja linatosha. Ukileta matatu, watoto watachanganya wahusika. Mkanganyiko wa kawaida ni kumwita mbunge "mtu wa serikali", basi urudie mara kwa mara kwamba Bunge hutunga sheria na huihoji serikali. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano na hupokea rufaa kutoka pande zote mbili. Iandike chini ya jedwali, katikati ya safu.

Kipindi cha tano: kadi za nani anafanya nini

Hiki ndicho kipindi ambacho watoto hukikumbuka, na ndicho kinachoeleza kwa nini katiba ni mbili. Kata manila mbili vipate vipande 20. Kumi viwe mambo ya Muungano: pasi ya kusafiria, noti ya fedha, askari polisi, mwanajeshi, ubalozi, uraia, chuo kikuu, mtihani wa kidato cha nne, utabiri wa hali ya hewa, kuandikisha chama cha siasa. Vitano viwe vya Zanzibar: shule ya msingi Wete, matibabu Makunduchi, maji ya bomba Chake Chake, karafuu za Pemba, msitu wa Jozani. Vitano vya Bara: shule ya msingi Mbeya, matibabu Tanga, kiwanja cha kujenga nyumba Dodoma, pamba ya Shinyanga, Hifadhi ya Serengeti.

Kata kamba vipande vitatu. Mwanafunzi mmoja awe Serikali ya Muungano, ashike ncha za kamba mbili: moja ya Mambo ya Muungano, nyingine ya mambo ya Bara yasiyo ya Muungano. Wa pili awe Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ashike kamba moja. Makundi kumi ya watoto watano, kila kundi kadi mbili, waje wazining'inize na waseme sababu. Wakikosea, usirekebishe mara moja. Waache wenzao wapinge, kisha soma orodha iliyo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano. Mwaka 1964 ilikuwa na mambo 11. Leo yamefika 22.

Kamba mbili mkononi mwa mtu mmoja ndiyo picha unayoitaka. Ibara ya 34(1) inasema hivyohivyo: Serikali ya Jamhuri ya Muungano ina mamlaka juu ya mambo ya Muungano katika nchi nzima, na pia juu ya mambo mengine yote yanayohusu Tanzania Bara.

Kuna kadi za kuziepuka. Bandari imo kwenye orodha ya Muungano, lakini Zanzibar ina shirika lake la bandari. Kodi inakusanywa na mamlaka zaidi ya moja. Uvuvi wa bahari kuu una utaratibu wake wa pamoja. Hizi zitakula kipindi kizima na kumwacha mtoto bila kanuni yoyote ya kushika. Mtihani wa darasa la saba nao usiuweke: Baraza la Mitihani ni la Muungano, lakini elimu ya msingi si ya Muungano, na huo mtihani ni wa Bara. Weka wa kidato cha nne.

Mwalimu wa Kenya anaweza kuutumia mchezo huu kwa badiliko moja. Kaunti 47 hazina katiba zao. Mgawanyo wa kazi uko ndani ya Katiba ileile ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ambako chekechea ni kazi ya kaunti na shule ya msingi ni ya serikali ya taifa. Kamba ni mbili tu.

Kipindi cha sita: kubadilisha katiba, kwa hesabu

Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa Zanzibar Ibara ya 80 inataka theluthi mbili ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Lifanye kuwa somo la hesabu. Darasa la 45: theluthi mbili ni 30. La 50: ni 33 na sehemu, kwa hiyo ni 34, maana 33 hazijafika. Watoto karibu wote wataandika 33. Kosa la pili ni kuhesabu waliohudhuria. Leo wamo 36 kati ya 45. Bado zinahitajika 30, kwa sababu ni theluthi mbili ya wote.

Sasa weka lile linaloilinda Zanzibar ndani ya Muungano. Kwa mambo mazito, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano au mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, theluthi mbili hutakiwa mara mbili: ya wabunge wote wa kutoka Bara, na ya wote wa kutoka Zanzibar, kila upande peke yake. Gawa darasa: watoto 40 wawe Bara, 10 wawe Zanzibar. Bara wanahitaji 27, Zanzibar 7. Waambie wanne tu wa upande wa Zanzibar wakatae. Wamekubali 46 kati ya 50, na bado pendekezo limeanguka. Darasa litalipuka, wengine watasema si haki. Waache wabishane dakika tano. Kisha wageuze: wale kumi na wale arobaini wabadilishane viti, uulize tena.

Zanzibar ina kinga nyingine, kura ya maoni ya wananchi kwa baadhi ya ibara, iliyowekwa na marekebisho ya 2010. Itaje na upite. Katika kura zote za darasani usitumie rangi wala alama za vyama vya siasa, hata kwa utani. Pigieni kura mpango wa kufagia au nani akae dirishani. Mzazi mmoja akisikia rangi fulani ilishinda darasani, kesho utakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Maswali yatakayokuja

"Mbona Bara haina katiba yake?" Rudi kwenye kamba. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na tangu hapo mambo ya Bara yamo mikononi mwa Serikali ya Muungano. Mtoto wa Zanzibar akiuliza kama hilo ni sawa, mwambie ni swali ambalo watu wazima wanalijadili hadi leo.

"Tanzania ni nchi moja au mbili?" Mtoto makini ataliona mwenyewe ukibandika manila sambamba. Ibara ya 1 ya Muungano: "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Ibara ya 2 ya Zanzibar inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Usiifiche moja. Usijifanye hakuna tofauti, na usitoe hukumu. Waambie zote mbili zimeandikwa, ya Zanzibar iliandikwa hivyo mwaka 2010, na wasome kila moja kwa sauti. Kazi yako ni kuhakikisha wanajua kila sentensi inatoka katika katiba gani. Walimu wanaoiogopa sehemu hii huifuta kabisa, kisha mtoto huipata mitaani ikiwa na hasira ndani yake.

"Mbona Zanzibar Heroes wana timu yao?" Michezo haimo katika orodha ya Muungano, hivyo Zanzibar ina shirikisho lake la soka na inacheza mashindano ya CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati. Uanachama wa FIFA ni jambo la kanuni za FIFA, na katiba zetu hazina neno juu yake. Swali hili litakuja kila mara, jiandae.

"Katiba mpya iko wapi?" Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni na kuandaa rasimu. Bunge Maalum la Katiba lilikaa 2014 na kupitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Kwa hiyo inayotumika ni ile ya 1977 pamoja na marekebisho yake. Ishia hapo.

Kupima walichojifunza

Usitunge swali la "Taja maana ya katiba" wala "Katiba ina sura ngapi". Toa matukio. Fatuma wa Chake Chake anataka pasi ya kusafiria: ni jambo la serikali ipi? Kijiji cha Bara kinataka kisima: serikali ipi? Darasa lina watoto 48, 31 wanataka kubadilisha ibara: imepita? Kanuni ya shule inasema watoto wa dini fulani tu ndio watakuwa viranja: inagongana na nini katika katiba?

Majibu: Muungano, kwa kuwa uhamiaji ni jambo la Muungano. Muungano pia, kupitia ile kamba ya pili, na hapa wengi watakosea kwa kuandika "Bara" kana kwamba kuna serikali yenye jina hilo. Haijapita, zinahitajika 32. La mwisho mpe alama anayetaja usawa, iwe kwa Ibara ya 12 au ya 13 au kwa ibara ya katiba ya darasa lao. Anayetaja Ibara ya 19, ya uhuru wa dini, naye mpe alama, lakini muulize kwa mdomo aeleze, kwa sababu wengi huitaja kwa kuliona neno "dini" kwenye swali na si kwa kuelewa kwamba kilichoguswa ni ubaguzi.

Katiba ya darasa iache ukutani hadi mwisho wa muhula, na muda wa kiongozi ulioandikwa ukiisha, fanya uchaguzi siku hiyohiyo hata kama kiongozi aliyepo anafanya kazi nzuri.